Risiva ya marehemu mjomba: fundi wetu awajibu wasomaji

SWALI: Salamu, fundi. Mjomba wangu alifariki mwaka jana, na katika kugawana vitu vyake mimi nilipewa dishi la wavu lenye kipenyo cha futi 6 hivi, ambalo bado limesimama uani kwake hapa Dodoma, pamoja na risiva yake na rimoti iliyofungwa kwa mpira. Kijitabu cha maelekezo hakipo, na jina lililoandikwa kwenye risiva hakuna muuzaji anayelifahamu. Nikiiwasha, taa inawaka, lakini kwenye televisheni yanatokea maneno ya kwamba hakuna mawimbi. Jirani mmoja ananishauri nifute kila kitu kilichomo ndani ya risiva nianze upya; mwingine anasema dishi lizungushwe mpaka lishike. Nianzie wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Pole sana kwa msiba. Ushauri wa majirani wote wawili uweke kando kwanza. Kijitabu hicho, hata ukikipata, kitakueleza kazi ya kila kitufe, lakini hakitakueleza dishi hili lilitazamishwa setilaiti gani wala kwa mipangilio ipi. Hayo mjomba wako aliyaacha mahali pawili: kwenye kumbukumbu ya risiva na kwenye nati za nguzo. Ukifuta ya kwanza na kulegeza za pili, utakuwa umechoma wosia kabla ya kuusoma. Kwa hiyo, kabla ya lolote, chukua rangi ya kucha uchore mstari unaovuka kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kola ya dishi, yaani ile pete inayolishika kwenye nguzo, na mwingine kwenye bolti inayoinua na kushusha, ili likisogea ujue pa kulirudisha.

Kisha ingia kwenye menyu ya risiva, utafute ukurasa wa antena. Ikidai namba ya siri, jaribu 0000 na baadaye 1234, kwa maana viwanda vingi huweka mojawapo ya hizo. Utakuta orodha ndefu ya setilaiti, lakini iliyowekewa alama ndiyo iliyokuwa ikitumika; ipige picha kwa simu pamoja na yote yaliyoandikwa chini yake. Tazama hasa namba ya LNB, yaani kile kichwa kinachoshikiliwa mbele ya dishi. Ikiwa ni 5150, hiyo ni bendi (kundi la masafa) ya C, ambayo ndiyo kazi ya kawaida ya dishi la wavu kama lako. Ikiwa ni 9750 na 10600, hiyo ni bendi ya Ku, ambayo kwa kawaida hupokewa na madishi ya bati ya sentimita 80 au 90. Linganisha na kibandiko cha LNB yenyewe. Vikipingana, yaelekea kuna mtoto aliyechezea rimoti, na huenda tabu yako yote ikaishia hapo.

Kwenye ukurasa huohuo kuna mistari miwili inayopanda na kushuka, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Mstari wa nguvu huonyesha tu kwamba LNB inapata umeme na waya unafika. Mstari wa ubora ndio unaosema kama dishi linatazama setilaiti. Nguvu ikiwa sifuri, usiguse dishi, fuata waya. Zima risiva, fungua koneta za pande zote mbili, uchunguze: unywele mmoja wa ile nyavu ya nje ukigusa shaba ya katikati, umeme unakatika palepale, na shaba iliyoota ukijani haipitishi kitu cha maana. Baada ya kuikata upya ncha ya waya na kuwasha risiva, fundi mwenye mita anapaswa kuona volti 13 au 18 kwenye ncha ya juu, kwa kuwa risiva hubadilisha volti hizo ili kuchagua mawimbi ya wima au ya mlalo. Angalia pia mdomo wa LNB. Kifuniko chake kikipasuka, nyigu huingia na kujenga humo. Mimi niliwahi kuhangaika siku nzima juu ya paa, kumbe dawa ilikuwa kijiti cha kutolea tope.

Nguvu ikiwapo na ubora ukiwa sifuri, hapo sasa dishi linahusika. Kwa mtu aliye Dodoma, setilaiti ya nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini. Intelsat 20, ya nyuzi 68.5 mashariki, iko upande wa mashariki kwenye mwinuko, yaani kimo kutoka upeo wa macho, wa nyuzi 51 hivi. Na zile za nyuzi 7 mashariki ziko upande wa magharibi, mwinuko wa nyuzi 56 hivi. Usishangae setilaiti ya “mashariki” kutafutwa magharibi, kwani nyuzi hizo huhesabiwa kutoka Greenwich, Uingereza, penye nyuzi sifuri, na Dodoma yenyewe iko karibu na nyuzi 36. Pima mwinuko kwa programu ya simu, ulinganishe na setilaiti iliyokuwa na alama kwenye menyu. Dishi la wavu hutazama kule linakoonekana kutazama, tofauti na yale madogo ya bati, ambayo huonekana yameinama kuliko uelekeo wake halisi kwa nyuzi zaidi ya 20. Sogeza kidogo mno, kisha usubiri sekunde kadhaa kabla ya kusogeza tena, kwa sababu risiva huchelewa kushika, na mwenye haraka huipita setilaiti bila kujua.

Jambo moja laweza kukushinda hata dishi likikaa sawa. Ikiwa risiva ina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu pekee, huenda ni ya DVB-S, mfumo wa zamani wa matangazo ya setilaiti, nayo haitasoma kamwe matangazo ya DVB-S2, mfumo ulioidhinishwa mwaka 2005. Hapo badilisha risiva, ubaki na dishi.

SWALI: Baba alituachia king'amuzi cha kulipia. Kinaonyesha majina ya stesheni zote, lakini picha hazitoki isipokuwa mbili tatu. Je, dishi limehama?
Msomaji, Mombasa

JIBU: La, mama. Dishi lililohama lingekunyima hata hizo mbili tatu. Stesheni hizo zimefungwa kwa kuwa malipo yamekwisha, na kadi iliyomo bado imesajiliwa kwa jina la marehemu. Chukua namba ya kadi, cheti cha kifo na kitambulisho chako, uende kwenye ofisi ya kampuni hiyo uombe usajili uhamishwe kwa jina lako kabla hujalipa chochote.