Maswali ya Wasomaji: Farasi Mwitu Kwenye Theluji ya Mongolia

SWALI: Mhariri, nina safari ya kikazi ya kwenda Ulaanbaatar mwezi Januari, na nimesoma kwamba Mongolia kuna farasi mwitu. Je, wanaweza kuonekana wakati nchi yote imefunikwa na theluji, na mtu aanzie wapi kuwatafuta? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Ndugu msomaji, wanaonekana, na theluji yenyewe humsaidia anayewatafuta. Wamongolia huwaita takhi. Walitoweka porini mwishoni mwa miaka ya 1960, wakabaki wale tu waliotunzwa katika bustani za wanyama, na uzao wao ndio uliorudishwa Mongolia kuanzia mwaka 1992. Walio karibu nawe wako Hustai, hifadhi ya taifa iliyo yapata kilometa 100 magharibi mwa Ulaanbaatar.

Kagua kwanza migongo ya vilima na miteremko ambayo upepo umeipunguzia theluji, kwa kuwa huko nyasi kavu hupatikana kwa urahisi. Penye theluji nene takhi hufukua kwa kwato za mbele, na akiondoka huacha vishimo vyenye visiki vya nyasi, huku udongo ukiwa umetapakaa juu ya weupe. Tazama pia marundo ya mavi, kwani dume mwenye kundi hurudia kunya mahali pale pale. Rundo lisilofunikwa na theluji ya usiku uliopita huonyesha kwamba amepita hivi karibuni.

Ukiona farasi kwa mbali, hakikisha si wa wafugaji, ambao wako wengi katika nyika za jirani. Nywele za shingo ya takhi ni fupi na zimesimama wima kama za punda milia, hazianguki kwenye paji la uso. Pua na mdomo vimepauka, na miguu ni myeusi kwa chini.

Ninalokusihi sana ni kwamba usiwafuate. Januari baridi hushuka hata chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, malisho ni haba, na watafiti wamebaini kwamba mwili wa takhi hupunguza matumizi ya nguvu ili akiba ya mafuta imfikishe majira ya kuchipua, ambapo majike huzaa. Kumkimbiza, hata kwa hatua chache ili upate picha, ni kumpunguzia akiba hiyo. Katika majira ya baridi ya 2009 hadi 2010, dzud, yaani baridi kali inayoua mifugo kwa wingi, iliangamiza zaidi ya nusu ya takhi waliokuwa katika hifadhi ya Gobi kusini-magharibi mwa nchi.

Kwa hiyo nenda na mwongozaji wa hifadhi, usimame anapokuambia usimame, na uwatazame kwa darubini. Simu iweke ndani ya koti, kwa sababu katika baridi hiyo betri huisha upesi.