Gesti yenye mzimu: namna ya kupishanisha nyakati mbili

Ndugu mwandishi, umeeleza kuwa riwaya yako inahusu gesti ya Kigongo, kwenye kivuko cha zamani cha Ziwa Victoria mkoani Mwanza, inayosemekana ina mzimu, ambamo mhudumu alitoweka mwaka 1996 na mpwa wake anamtafuta leo, na unauliza namna ya kupishanisha nyakati hizo bila kumchanganya msomaji.

Mwaka uliouchagua una uzito wake. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikaua mamia ya watu. Ukimpa mhudumu likizo ya kwenda kwao Bukoba wiki hiyo, kila mtu atadhani alikuwa melini akirejea, na hakuna atakayeuliza zaidi. Hata hivyo nakusihi mzimu wako asiwe mmoja wa waliozama, kwani wengi wa ndugu zao wangali hai.

Badala ya kutegemea tarehe juu ya kila sura, tumia kivuko: zamani msafiri wa Sengerema aliyekosa pantoni alilazimika kulala hapo, ilhali tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025 magari hupita bila kusimama, na gesti imebaki tupu. Kitabu cha wageni kionekane katika nyakati zote mbili. Mpwa akute ukurasa umechanwa, kisha sura inayofuata, ya 1996, ituonyeshe mkono uliouchana, lakini si uso.

Mzimu sioni haja ya kuufafanua. Muuaji wa mhudumu ndiye anayehitaji ushahidi, nao utoke katika kitabu hicho.