Mirija yako ina maji?

"Shangazi, nina miaka 33, naishi Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa. Miaka tisa iliyopita niliugua klamidia, ugonjwa wa zinaa, nikatibiwa. Nimeolewa mwaka wa nne huu, sina mtoto. Picha imeonyesha mirija yote ya uzazi imeziba na daktari ashauri tupandikize mimba. Naogopa ugonjwa ule utaharibu hata huko, pesa za mume wangu zipotee. Mamamkwe asema nimefungwa kizazi, ninywe kombe, yale maji ya aya."

Mwanangu, pole sana. Hakuna aliyekufunga. Klamidia hupanda kimyakimya kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija, mara nyingi bila dalili yoyote, ikaacha makovu. Dawa huua vijidudu, kovu haliondoki. Ndiyo sababu umepona na mirija bado imeziba.

Kupandikiza kulianza kwa ajili ya wanawake kama wewe. Louise Brown, mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa njia hiyo, Uingereza mwaka wa 1978, mamake alikuwa na mirija iliyoziba. Yai hukutanishwa na mbegu za mume maabarani, kisha kiinitete, yaani mimba changa kabisa, huwekwa ndani ya kizazi, mirija haihitajiki. Wakikupima damu wakakuta kingamwili za klamidia, yaani askari wa mwili waliopigana na ugonjwa ule, usitetemeke. Hukaa mwilini miaka mingi, na zenyewe si ugonjwa.

Ninachokihofia mimi ni maji. Mrija ulioziba upande wa mwisho huweza kujaa maji, yakachuruzika kwenye kizazi na kukidhuru kiinitete. Hapo nafasi ya kufaulu hushuka karibu nusu. Kwa hivyo, kabla hujalipa hata shilingi, muulize daktari: "Mirija yangu ina maji?" Ikiwa nayo, mirija huondolewa au hubanwa kwanza kwa upasuaji mdogo, na nafasi yako hurudi.

Pimeni klamidia upya, wewe na mumeo, na mbegu zake zipimwe pia. Hukuniambia kama anajua habari za miaka ile. Mwambie, mwanangu, tena wewe mwenyewe, kabla hajaisikia kliniki. Yalikuwa kabla yake.

Kombe, ukilinywa kwa heshima ya mamamkwe, sitakulaumu. Ila usiache miezi ipite ukilingojea. Umri nao una hesabu yake.

Na mimba ikishika, nenda upigwe picha mapema, wiki ya sita au ya saba, maana wenye mirija yenye makovu huweza kupata mimba nje ya kizazi hata baada ya kupandikizwa. Ukipata maumivu makali upande mmoja, au kizunguzungu, kimbilia hospitali, usingoje feri ya asubuhi.