Maganda yaliyogoma kutoka: niliyojifunza kuhusu shinikizo kwenye rivolva za Magnum

Nilipomaliza ya sita kati ya risasi nilizojaza mwenyewe nyumbani, nilifungua silinda ya rivolva yangu ya .44 Magnum, nikauelekeza mtutu juu, nikabonyeza fimbo ya kutolea maganda kwa kidole gumba kama siku zote. Haikwenda. Nikaisukuma kwa kiganja, ikaingia kiasi cha upana wa ukucha, ikagoma. Mwishowe nilichukua kipande cha ubao nikaigonga, maganda sita yakamwagika mezani. Niliyageuza moja moja nikakagua fataki, kile kikombe kidogo kwenye tako la ganda kinachowasha baruti, ambacho hubapa shinikizo likizidi. Kingo zake zilikuwa za mviringo, hakuna hata moja iliyobapa. Nikajiambia ni uchafu tu wa chemba, yale matundu ya silinda yanayoshika risasi. Nikazisugua, nikajaza sita nyingine.

Nimeandika haya kwa sababu ya hizo sita nyingine.

Baruti nilikuwa sijabadilisha, wala uzito wake, na ulikuwa kwenye kiwango cha juu kabisa cha kitabu cha vipimo vya kujazia risasi. Nilichobadilisha ni kichwa cha risasi. Cha zamani kilikuwa na greni 240 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), kipya pia greni 240, na mizani ilipokubali sikuuliza zaidi. Kumbe kipya kilikuwa kirefu zaidi, na mfereji wa kubania ganda ulikuwa juu zaidi, karibu na ncha. Nilipokibana kwenye mfereji huo, tako lake lilizama ndani ya ganda kuliko lile la zamani. Nafasi ya baruti ikapungua, na nafasi ikipungua shinikizo linapanda, hata kama hujaongeza punje moja. Tangu siku hiyo nasoma kipimo cha kitabu kama sentensi nzima: kichwa gani hasa, ganda la nani, fataki ipi, urefu wa risasi iliyokamilika kiasi gani. Ukibadilisha neno moja, hicho si kipimo tena, ni kisio lako. Teremka, uanze upya chini. Vitabu vingi vinataka uanze takriban asilimia 10 chini ya kiwango cha juu.

Na kugoma kwa maganda kulikuwa kunasema nini? Risasi inapolipuka, shaba ya ganda hutanuka hadi kugusa kuta za chemba, kisha hurudi kidogo na kulegea. Shinikizo likizidi, chuma chenyewe cha silinda kinatanuka, ganda linakifuata, halafu chuma kinarudi na kulibana kama koleo. Kwa hiyo ganda linapokwama silinda yako imekwisha kunyooshwa kidogo. Ukungoja dalili hiyo, umechelewa. Na ukitazama silinda vizuri utaona mahali palipo pembamba kuliko pote: kwenye rivolva nyingi za risasi sita, kile kijitundu cha kufungia silinda kimechongwa juu ya chemba yenyewe.

Sasa namba. Marekani viwango hivi huwekwa na SAAMI, chama cha watengenezaji wa silaha na risasi kilichoundwa mwaka 1926. Kikomo cha .357 Magnum ni paundi 35,000 kwa inchi ya mraba, na cha .44 Magnum ni 36,000. Tairi la gari dogo huwa na kama 32, kwa hiyo unashika mkononi zaidi ya mara elfu moja ya hilo. .454 Casull inafika 65,000, kiwango cha bunduki kubwa za kuwindia. Halafu kuna .45 Colt, mzee wa mwaka 1873, ambaye kikomo chake ni 14,000 tu.

Huyo mzee ndiye anayenitia hofu kuliko wote. Vitabu vingi vina kurasa mbili za .45 Colt: moja ya rivolva zote, nyingine ya rivolva chache zilizoundwa nene, ambako shinikizo huachwa lifike karibu 30,000. Ganda ni lile lile kwa urefu na kwa upana. Rafiki yangu aliniletea kisanduku alichojaza mwenyewe kwa ajili ya rivolva kongwe aliyorithi, akajisifu kwamba amebaki chini ya kiwango cha juu. Nilipomwomba anionyeshe ukurasa, ulikuwa ule wa pili. Tungepiga zile risasi, fataki zingetoka safi kama mpya, kwa sababu fataki haijui imo ndani ya bastola gani. Inabapa kwa shinikizo la kiwango chake, na kwa .45 Colt unaweza kuvuka kikomo maradufu bila kuona alama yoyote. (Waliounda .357 Magnum mwaka 1935 waliliona hili mapema: walirefusha ganda lisiingie kwenye rivolva za .38 Special. Casull, aliyeunda .454 Casull, naye aliirefusha yake kupita .45 Colt. Kwa .45 Colt yenyewe, kinga pekee ni macho yako.)

Mtego mwingine ni vitabu vya zamani. Utakuta .44 Magnum imeandikiwa 40,000, useme watu wa siku hizi wameingiwa na woga, ujiruhusu hiyo 4,000 ya ziada. Nami niliwahi kusema hivyo, kwa sauti, mbele ya watu. Ile 40,000 ni kipimo cha shaba: zamani kijisilinda cha shaba nyekundu kiligandamizwa na moto wa risasi, kisha wakapima kimefupika kiasi gani. Siku hizi hutumika kihisi cha umeme, ambacho hufuata shinikizo linapopanda na kushuka. Shaba haiwahi kilele chenyewe. Ni mizani mbili tofauti, na hakuna hesabu ya uhakika ya kugeuza moja kuwa nyingine. Soma herufi zinazofuata namba (CUP ni ya shaba, psi ni ya kihisi) kabla ya namba.

Ukishaogopa shinikizo kubwa, utashawishika kupunguza baruti ovyo. Hapo pia pana shimo. H110, ambayo ni baruti ile ile inayouzwa pia kwa jina la W296, inaungua polepole, na inataka ganda lijae na mdomo ubanwe barabara. Ukiipunguza chini ya kitabu, inaweza kuwaka nusunusu na kukiacha kichwa kimekwama mtutuni. Unasikia “pufu” badala ya mshindo. Ukisikia hivyo usifyatue tena, hata mwenzako akisema ni fataki mbovu. Ile asilimia 10 niliyoitaja haihusu baruti hii. Mtengenezaji ana maelekezo yake, fuata hayo.

Kubana mdomo kuna sababu ya pili. Teke la Magnum huvuta vichwa vya risasi zinazosubiri zamu, vikachomoza mbele hadi silinda ishindwe kuzunguka. Piga tano, toa ya sita, ipime urefu.

Zile sita nyingine? Mbili za mwisho maganda yalipasuka ubavuni, ufa mwembamba kama unywele. Nyumbani zilibaki 88. Nilizifumua zote kwa nyundo ya kuchomolea vichwa, moja baada ya nyingine, vigongo vitatu au vinne kila risasi, na baruti yote nikaimwaga bila kuirudisha chupani.