Confucius alisoma kwa nani?

Kwa aliyeuliza kama Confucius, mwanafalsafa wa China ya kale, alizaliwa katika ukwasi na kufundishwa na mwalimu mmoja mashuhuri: la, mambo yalikuwa kinyume. Kwa mujibu wa mapokeo, alizaliwa mwaka 551 K.K. katika dola ya Lu, karibu na mji wa sasa wa Qufu, na baba yake, askari wa umri mkubwa, alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana, hivyo akalelewa na mama yake katika ufukara. Mencius, mwanafalsafa wa baadaye aliyefuata mafundisho yake, anaeleza kwamba Confucius aliwahi kutunza hesabu za ghala na kusimamia mifugo, kazi ambazo hazikuwa na hadhi kubwa.

Confucius mwenyewe alisema kwamba akiwa na miaka 15 aliazimia kujifunza. Kinachonivutia zaidi ni namna alivyojifunza: alipoingia katika Hekalu Kuu aliuliza juu ya kila jambo, hata mtu mmoja akamkejeli kwamba hajui taratibu za ibada, naye akajibu kuwa kuuliza huko ndio utaratibu wenyewe. Mwanafunzi wake Zigong, alipoulizwa bwana wake alisoma kwa nani, alijibu kwamba hakuwa na mwalimu mmoja wa kudumu.