Kwenu mnaoanza kusanifu kadi za letapresi

Wiki hii nimeletewa tena faili la kadi ya mwaliko wa siku ya kuzaliwa lenye maputo ya kila rangi, kivuli nyuma ya kila herufi na picha ya mtoto iliyofifishwa pembeni, na aliyelileta akaniomba kwa adabu nilichape kwenye Heidelberg kabla ya Ijumaa. Ninawapenda, wadogo zangu, lakini mashine hiyo mliyozoea kuiona ikipiga namba kwenye vitabu vya risiti haijui kufifisha kitu chochote: letapresi hupaka wino kwenye maumbo yaliyoinuka, kisha huyabonyeza karatasini.

1. Hesabuni rangi kabla ya kufungua programu, kwa kuwa kila rangi ni pleti yake, yaani bamba lenye maumbo hayo yaliyoinuka, ni kuosha roli upya na kupitisha karatasi upya, na mteja hulipia vyote.

2. Mstari usiwe mwembamba kuliko robo pointi (pointi ni kipimo cha wachapaji), na herufi nyeupe ndani ya eneo lililojaa wino zisiwe ndogo, la sivyo matundu ya «a» na «e» yataziba.

3. Msichape wino wa dhahabu kwenye karatasi iliyokoza. Hapa nitakaa kidogo, maana somo hili nilililipia. Familia moja ilikuwa ikimwandalia bibi yao sherehe ya kutimiza miaka 80, ikataka karatasi ya zambarau na maandishi ya dhahabu. Kwenye kompyuta dhahabu ilimeremeta. Nikatuma picha kwa WhatsApp, wajukuu wakajibu kwa mioyo na makofi, nami nikaihesabu hiyo kuwa idhini. Fundi wetu, mzee aliyeanza kazi enzi za kupanga herufi za madini ya risasi moja moja, aliitazama karatasi, akalitazama kopo la wino, akasema, «Kijana, hii itameza.» Nilimjibu kwamba mteja ameshakubali, jibu ambalo likinijia hadi leo huona haya. Wino wa letapresi hukaa tabaka jembamba na huiacha rangi ya karatasi ionekane chini yake, kwa hiyo dhahabu yangu ilitoka kama matope, na jina la bibi likawa linasomeka tu ukiielekeza kadi dirishani. Badala ya kusimama, niliamuru zipitishwe mara ya pili. Karatasi hazikutua palepale, na kila herufi ikawa na pacha wake. Binti mkubwa wa bibi alipofika aliishika kadi moja, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akaniuliza bila hasira, «Mwanangu, mama haoni vizuri hata mchana, hii ataisomaje?» Karatasi mpya niliinunua kwa fedha yangu. Kilichohitajika tangu mwanzo kilikuwa foili, yaani karatasi nyembamba inayong'aa, ambayo hubandikwa kwa joto na bamba la chuma bila wino wowote, na huifunika kabisa rangi iliyo chini. Mteja asiyeimudu foili ashauriwe kugeuza mambo: karatasi nyeupe, wino uliokoza.

4. Mbonyeo unaohisiwa kwa kidole hutaka karatasi nene na laini. Ya pamba ya gramu 600 kwa mita ya mraba ndiyo tamu, na ya gramu 300 itafaa ikiwa upande wa nyuma hauna kitu. Mkiweka ramani ya ukumbi nyuma, mbonyeo wa mbele utazitoboa barabara zake, kwa hiyo punguzeni nguvu au gundisheni karatasi mbili. Mafundi wa zamani waliuona mbonyeo kuwa aibu, kwani herufi ilitakiwa kuugusa tu uso wa karatasi. Mzee wetu hupapasa nyuma ya kadi zetu hadi leo, hutikisa kichwa, kisha huuliza kama kweli kuna mtu anayelipia kosa hilo.

5. Kadi ya kukunja ikunjwe kufuata nyuzi za karatasi, ama sivyo itapasuka mgongoni.

6. Pigeni ile namba ya simu iliyo kwenye kadi kabla pleti haijachomwa, na mteja aone sampuli iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe.

7. Tafuteni bahasha kwanza. Bahasha ya C6 hupokea kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, na hupatikana madukani. Atakayesanifu kadi ya ukubwa wa ajabu kwa sababu imependeza kwenye simu atakata na kugundisha bahasha zote kwa mkono wake, na asinitafute.