Semina Ikiisha, Msaada Ndio Uanze: Kumshika Mkono Mwalimu wa Watoto Wanaojifunza Kusoma

Semina ya siku 5 huisha kwa cheti na faili nene. Wiki 2 baadaye ukiingia darasa la kwanza, unakuta watoto wanaimba "ma, me, mi, mo, mu" vilevile walivyokuwa wakiimba kabla ya semina. Mtu asidhani mwalimu ni mvivu. Aliyoelezwa aliyaelewa, na aliyaandika vizuri daftarini. Lakini kujua namna ya kumfundisha mtoto kuunganisha sauti ni jambo moja, na kuifanya kazi hiyo mbele ya watoto 45, wengine hawajawahi kushika kitabu, ni jambo lingine kabisa. Ndiyo maana ushauri wetu kwa yeyote anayepanga mafunzo kazini ni huu: fupisha semina, na siku utakazookoa zipeleke darasani.

Jambo hili limepimwa. Katika Mkoa wa North West, Afrika Kusini, watafiti walilinganisha njia mbili kwa miaka 2. Walimu wa kundi moja waliitwa kwenye mafunzo ya pamoja. Wa kundi la pili walitembelewa darasani na mshauri. Maandalio ya masomo na vitabu vilikuwa vya aina moja kwa wote. Ikilinganishwa na shule zisizopata msaada wowote kati ya huo, faida ya kusoma kwa watoto wa kundi la pili ilikuwa takribani mara mbili ya ile ya kundi la kwanza. Uchambuzi wa Kraft, Blazar na Hogan wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 60, nao ulikuta kwamba kumshauri mwalimu darasani kunaboresha ufundishaji na matokeo ya wanafunzi, ila faida hupungua programu inapopanuliwa na kuwa kubwa. Hilo la mwisho lichukuliwe kwa uzito. Washauri wazuri hawapatikani kwa mamia kwa mpigo, kwa hiyo ni bora kuanza na shule chache zinazofikiwa kweli.

Semina fupi, stadi moja

Semina nyingi hutaka kumaliza kila kitu: utambuzi wa sauti, herufi na silabi, ufasaha, msamiati, ufahamu. Hayo matano ndiyo yaliyotajwa na jopo la kitaifa la usomaji la Marekani mwaka 2000, na hakuna hata moja la kuachwa. Ila hayaingii yote katika kikao kimoja. Kwa kikao cha saa 2 chagua stadi moja, ndogo kiasi kwamba mwalimu anaweza kuitumia kesho yake asubuhi. "Kufundisha kusoma" ni pana mno. "Kumrekebisha mtoto aliyekosea silabi bila kumtajia jibu, kisha kumrudisha asome neno zima" ndicho kipimo kinachofaa.

Eleza kwa dakika 15, onyesha mwenyewe kwa dakika 15, halafu walimu wafanye mazoezi kwa dakika 70 hivi. Wagawe watatu watatu: mmoja anafundisha, mmoja anakuwa mtoto, wa tatu anatazama akiwa na karatasi yenye hatua za stadi. Dakika 8 za kufundisha, 4 za kuzungumza, kisha wanabadilishana. Mzunguko mzima ni dakika 36, kwa hiyo kuna nafasi ya kuzunguka mara ya pili, na mara hiyo ya pili isirukwe, kwa sababu ndipo mwalimu anapofanyia kazi alichoambiwa. Dakika 20 zinazobaki kila mtu aandike stadi hiyo kwenye andalio la somo la wiki ijayo, siku na saa zikiwa zimetajwa.

Mazoezi haya huharibika kwa njia moja: mwalimu anayeigiza mtoto anasoma kama mtu mzima. Hakosei, basi mwenzake hana cha kurekebisha, na zoezi linakwisha kwa makofi. Tengeneza kadi ndogo na umpe "mtoto" moja kwa siri. Kadi moja iandikwe: "Kila ukiona b, sema d." Nyingine: "Usiangalie herufi, kisia neno kwa picha." Nyingine: "Taja silabi moja moja vizuri, kisha shindwa kuziunganisha." Ya nne: "Nyamaza." Hiyo ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, maana watoto wengi wasiojua hunyamaza, na mwalimu asiyezoea hukimbilia kuwataja wanaojua.

Darasani, hesabu kabla ya kuhukumu

Mshauri anayeingia darasani na fomu ya vipengele 30 hutoka na alama, na alama hazimfundishi mtu. Ingia na karatasi tupu na uhesabu mambo matatu: ni watoto wangapi wamesoma peke yao kwa sauti inayosikika, ni dakika ngapi macho ya watoto yalikuwa kwenye maandishi yenyewe, si kwenye mdomo wa mwalimu, na makosa mangapi yalirekebishwa kati ya yaliyotokea.

Kusoma kwa pamoja kunaficha mengi. Watoto 10 wenye sauti wanabeba darasa zima. Ukitaka kujua kama silabi zinasomwa au zimekaririwa, muombe mwalimu aguse "mu", kisha "ma", kisha "mi", bila mpangilio. Mtoto aliyekariri wimbo atakwama, au utamwona akianza upya chini kwa chini, "ma, me, mi…", mpaka afike. Baada ya kipindi, kwa ruhusa ya mwalimu, keti na watoto 3: mmoja anayefanya vizuri, wa katikati, na mmoja wa nyuma. Kila mmoja asome silabi 10 zilizochanganywa na maneno 5, mawili kati yake yawe ya kubuni yasiyo na maana, kama "lefi" na "boke". Neno la kubuni halikisiwi wala halikaririwi. Anayelisoma amejua kuunganisha.

Sikiliza pia sauti anazotoa mwalimu mwenyewe. Mtoto aliyefundishwa kwamba b ni "be", akikutana na "ba" atasema "be-a", na atakuwa amefuata sawasawa alichofundishwa. Aanze na sauti zinazovutika, kama m, s na l: "mmmm, aaaa, ma". Sauti za kukatika, kama b, t na k, zije baadaye na zitamkwe kwa ufupi, bila kuongezewa irabu nyuma. Kwenye silabi, angalia upigaji wa makofi. "Mtoto" ina silabi 3, m-to-to, na "mbuzi" ina 2, mbu-zi. Mwalimu akipiga makofi 3 kwa "mbuzi", watoto watatenga m peke yake kila wanapoona mb, na kosa hilo huwafuata mpaka madarasa ya juu.

Usimkatize mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Kama kuna jambo linalohitaji kuonyeshwa, mkubaliane kabla ya kipindi kwamba dakika 10 za mwisho utafundisha wewe, na yeye achukue karatasi ileile na kukuhesabia. Hilo hujenga heshima kuliko sifa nyingi.

Mazungumzo yafanyike siku hiyohiyo, dakika 15 hadi 20, mahali pasipo na masikio ya wengine. Mwanzo muulize yeye ameonaje. Kisha weka hesabu mezani bila kivumishi: "Mwalimu, nimesikia watoto 6 wakisoma peke yao. Wote 6 wanakaa mistari miwili ya mbele." Nyamaza hapo. Mara nyingi mwalimu ataona mwenyewe, na swali linalofuata linakuwa la kazi: "Wale wa nyuma tuwasikieje kesho bila kuongeza muda wa kipindi?" Jibu moja linalofaa ni orodha ya majina ukutani, watoto 5 kila siku, nusu dakika kila mmoja, wenzao wakisomeana wawili wawili. Darasa la watoto 45 linazungukwa kwa siku 9 za shule. Halafu fanyeni mazoezi palepale kwa dakika 5: wewe uwe mtoto wa nyuma, yeye akuite na akusikilize. Mkubaliane jambo hilo moja na tarehe ya kurudi. Ukimwachia mapendekezo 7, hatafanya hata moja, na si kosa lake.

Tarehe ya kurudi isizidi wiki 3. Ziara moja kwa muhula ni ukaguzi tu, hata ukiiita msaada. Piga hesabu: ziara moja pamoja na mazungumzo hula dakika 90 au zaidi, hivyo mshauri anamudu walimu 2 kwa siku, ukiongeza safari na maandalizi. Walimu 20 ni siku 10 za kazi, na katika wiki 3 zinabaki siku 5 za vikao na za kurudia ziara zilizoharibika. Ukimpa walimu 60, ataanza kusaini vitabu vya wageni tu. Simu na video husaidia katikati ya ziara, hasa ujumbe wa sauti wa kuonyesha matamshi, lakini visichukue nafasi ya mtu. Jaribio lingine la Afrika Kusini, mkoani Mpumalanga, liliwalinganisha washauri wanaofika shuleni na wanaoshauri kwa tableti na simu. Baada ya miaka 3, kwenye kusoma Kiingereza ni watoto wa walimu waliotembelewa tu walioonekana kupata faida.

Madaftari ya imla

Kama hakuna mshauri kabisa, walimu wa madarasa ya mwanzo wanaweza kukutana wenyewe dakika 45 kila wiki, na kitu bora cha kuja nacho ni madaftari ya imla. Kila mwalimu alete 3, ya watoto wa viwango tofauti, yenye maneno 6 yaleyale. Msihesabu alama. Yapangeni makosa kwa aina, kwa sababu kila aina ina dawa yake.

Aliyeandika "buzi" kwa "mbuzi" hajaisikia m iliyotangulia. Kumwandikisha neno mara 20 hakutamsaidia. Mrudishe kwenye kusikia, kwa jozi kama buni na mbuni, goma na ngoma, asimame akisikia moja na akae akisikia nyingine. Aliyeandika "ktb" kwa "kitabu" mara nyingi amefundishwa majina ya herufi, kwa hiyo kwake k tayari ina irabu ndani. Apewe kazi ya kuvuta neno polepole na kuweka kokoto kwa kila sauti kabla ya kuandika. Aliyeandika "karamu" kwa "kalamu" ana habari nyingine. Kama lugha ya nyumbani haitofautishi l na r, huyo anaandika anavyosema. Muulize neno lina maana gani: akionyesha kalamu, kusoma kwake hakuna tatizo, ni matamshi, na yanahitaji mazoezi ya kusikiliza, bila kukemewa. Na kama darasa zima limekosea neno moja kwa namna ileile, kwanza mwalimu alitamke neno hilo mbele ya wenzake.

Mengine yako mikononi mwa mwalimu mkuu. Kipindi cha kusoma kiwe asubuhi na kisiliwe na vikao vya ghafla. Mwalimu aliyefunzwa asihamishiwe darasa la sita mwaka unaofuata, kwa kuwa mafunzo yote huhama naye. Tabia ya kumtupia mwalimu mgeni darasa la kwanza, eti ndilo rahisi, inafaa ikomeshwe: hapo ndipo panapohitaji mkono wenye uzoefu. Anayeshauri asiwe ndiye anayeandika ripoti ya kupandishwa cheo, la sivyo mwalimu atamwonyesha somo lililofanyiwa mazoezi na watoto jana yake. Na vifaa vigawiwe vikiwa tayari. Mwalimu akitakiwa kukata kadi 200 usiku kwa gharama yake, hatazikata zaidi ya mara moja.

Ziara zipunguzwe mwalimu anapofikia jambo mlilokubaliana katika ziara 2 mfululizo, na watoto wale 3 wakisoma silabi zilizochanganywa bila kukwama. Hapo muombe ampokee mwenzake darasani kwake mara moja kwa mwezi, akiwa na karatasi tupu ya kuhesabia, na muda uliobaki mshauri ampelekee mwalimu ambaye wiki 6 zilizopita hazijabadilisha kitu kwake. Huyo aangaliwe upya tangu mwanzo: huenda stadi iliyochaguliwa ilikuwa kubwa mno, au watoto wake bado hawasikii sauti na anafundishwa mambo ya ufasaha.